Sisimizi Kumi na Mmoja

Kazi ya Babu Sisimizi ukisimuliwa utadhani unataniwa. Kwa miaka thelathini na moja, katika chumba cha nyuma cha makumbusho, amekuwa akibandika sisimizi waliokufa, kila mmoja kwa tone la gundi kwenye kipembetatu chake cha karatasi kilichochomwa pini. Chini ya pini hukaa lebo ndogo kama ukucha: aliokotwa wapi, lini, na aliyemwokota ni nani. Mkewe humtania kwamba wenzake wanafuga kuku, yeye kajichagulia mifugo isiyokula wala kutaga. Naye hucheka, maana kazi hiyo anaipenda mno.

Sisimizi asiye na lebo ya kweli ni takataka tu. Ndiyo maana siku ile, mwaka wake wa tano kazini, sanduku lilipomponyoka na kumi na mmoja wakabanduka, alijua wamegeuka takataka. Wengine walitoka mlimani, wengine bondeni, na kwa macho walifanana kama mapacha. Akatupa jicho mlangoni, akaona hakuna mtu, akawabandika tena kwa kubahatisha. Hakumwambia mtu, hata mkewe.

Mwezi uliopita daktari wa vinasaba, binti mchangamfu aliyeajiriwa majuzi, aliomba mguu mmoja wa kila sisimizi wa sanduku lile akaupime. Leo asubuhi akaingia mbio.

"Baba, huwezi kuamini! Kumbe ni spishi mbili! Tena ya mlimani imeshuka bondeni, na ya bondeni imepanda mlimani. Hakuna aliyewahi kuliandika hilo. Mchana naituma ripoti!"

Mzee akalitazama sanduku. Akinyamaza, nani atajua? Imebaki miezi miwili astaafu, na heshima yake yote imo ndani ya masanduku haya. Lakini siku wanasayansi wengine watakapopanda mlima ule wasimkute huyo mdudu, atakayeumbuka ni binti wa watu.

"Usitume, mwanangu. Hawakupanda wala kushuka. Ni mimi."

Akamweleza yote. Daktari akaketi. Hakufoka, na afadhali angefoka.

"Ni wangapi?"

"Kumi na mmoja. Nawajua wote."

Akamwonyesha mmoja mmoja, bila kutazama daftari.

"Miaka yote hii umewabeba kichwani?"

"Sasa ningewasahau vipi?"

Daktari akashusha pumzi, akamsogezea kalamu. Lebo ya zamani haing'olewi; huongezwa nyingine chini yake, yenye masahihisho na jina la aliyesahihisha.

"Andika wewe, baba. Mwandiko wako ndio unaosomeka."

Akaandika mara kumi na moja: mahali hapajulikani. Kila mara, alipofika kwenye jina lake, alisita na machozi yakamlengalenga. Maelfu ya lebo za chumba kile yeye ndiye aliyeziandika, na hadi leo zote zilikuwa na majina ya watu wengine.