Mikono Niliyoituma kwa Simu

Mimi kazi yangu ni kupanga maua. Nasimama mezani kwenye ghala la shamba moja kule karibu na ziwa, naletewa waridi kwa ndoo, napima shina kwenye ubao, na likizidi oda nakata chini. Oda ndiyo inatangulia. Ua linafuata. Nimeanza na hilo kwa sababu nadhani ndilo lililonikoroga akili, ingawa huenda najitetea tu. Shule niliishia darasa la nane, na mambo mengine nayajua kwa kuyagonga na paji la uso.

Dada mdogo wa mume wangu alikuwa anaolewa huko kwao Mau Narok. Nyumba ile ina wake wanne, mmoja kwa kila mwana, na mimi ni wa mwisho. Sisi wanne tunaitana kowaifu, yaani wake wenza, kwa utani tu, ijapokuwa kila mtu ana mume wake. Siku ya harusi wake wa nyumba ndio humtoa bibi arusi mlangoni kwa nyimbo mpaka kwenye gari, wakiwa wamevaa kitenge cha aina moja. Wenzangu watatu wamejenga huko huko kwa wazee, wana mashamba ya viazi, kila mtu anawajua. Mimi na mume wangu tunapanga chumba kimoja Karagita, huku Naivasha. Nikienda kule, wageni huniuliza kama nimekuja kununua viazi. Kwa hiyo kile kitenge kwangu hakikuwa urembo tu. Ukikosa kuwa ndani yake siku ile, wewe ni mpita njia.

Kowaifu mkubwa akanipigia simu.

"Fundi anataka vipimo. Kifua, kiuno, mkono. Tuma leo, kitambaa anakikata kesho."

Nikaazima futi ya jirani yangu wa mlango wa pili, mama mmoja mchangamfu tunayefanya naye kazi meza moja. Tukajifungia tukapima. Kiuno kilinishtua. Mkono wa juu, pale panapotikisika ukipungia mtu, ulinishtua zaidi. Harusi ilikuwa bado mbali kidogo. Nikatazama zile namba, nikaona aibu kuzituma, nikatuma za yule mtu niliyekusudia kuwa.

"Umetuma za nani?" jirani akauliza.

"Zangu. Za baadaye."

"Haya, bibi baadaye. Kesho asubuhi tuanze, maana kitambaa kinakatwa."

Tukaanza. Kuna dada mmoja kwenye simu anafundisha mazoezi akiwa na zulia na kioo cha ukuta mzima. Sisi tulikuwa na uwanja wa ploti, kati ya kamba za nguo na bomba. Badala ya vyuma tulijaza maji vibuyu vya plastiki vya mafuta ya kupikia, kimoja kila mkono. Inua pembeni, shusha polepole. Peleka nyuma ya kichwa, rudisha. Kisha kulala kifudifudi kwa viwiko na vidole vya miguu, mwili umenyooka kama ubao, tumbo limevutwa ndani. Hilo la ubao nililichukia. Wapangaji waliokuja kuchota maji walituruka.

"Mathe, umeangusha nini hapo chini?" kijana mmoja wa bodaboda alikuwa akiuliza kila asubuhi.

"Kiuno!" jirani akamjibu. "Ukikiona usikiokote."

Chakula nacho nikakipanga upya. Niliacha mandazi ya saa nne. Chai nikainywa bila sukari, na sitasema niliizoea, sikuizoea. Mchana nikala githeri kama kawaida kwa sababu huwezi kusimama mezani na njaa, nilijaribu nikaona waridi mbili mbili. Jioni nikaweka ugali kidogo sana na sukuma nyingi, parachichi, yai likipatikana. Mume wangu hakupinga. Alinung'unika tu kwamba akiangalia sahani yake na yangu anajiona mlafi, akaanza kula akiwa amegeuza kiti. Namwelewa. Chumba ni kimoja, mtu atageukia wapi?

Kiuno kikaanza kunisikia. Siwezi kusema ni lile zoezi la ubao au ni mandazi niliyoyaacha, nafikiri ni vyote, na mandazi zaidi. Sketi ya kazi nikaanza kuifunga kwa pini. Mikono nayo ikawa migumu, ile nyama ya chini ikaacha kupunga yenyewe. Nilifurahi sana. Nikajishika jishika mchana kutwa mpaka supavaiza akaniuliza kama nimeumwa na mdudu.

Kupima tena sikupima. Futi ilikuwa imerudi kwa mwenyewe, na nitasema ukweli, niliogopa. Niliona mikono kuwa migumu ni sawa na kupungua.

Tulifika Mau Narok siku mbili kabla ya harusi, kwa sababu wake wa nyumba lazima wamenye viazi. Baridi ilikuwa ile ya kushika meno. Mama mkwe alinipokea, akanizungusha kama mtu anayenunua ng'ombe, akanikalisha kando ya moto na kikombe kikubwa cha chai ya maziwa matupu na viazi vya kuchemsha.

"Naivasha chakula kimeisha?"

"Hapana, mama. Niko kwa mazoezi."

"Mazoezi ya nini? Unaenda jeshi?"

Akamtazama mwanawe kwa jicho ambalo nisingependa kutazamwa nalo. Hapo niliona nimemwingiza mume wangu kwenye lawama isiyo yake, kwa hiyo nikanywa chai yote na viazi nikala, tena kwa sauti. Mama mkwe si mkali. Kwake, mke aliyekonda ni ripoti ya jinsi mwanawe anavyoishi, na hiyo ripoti ilikuwa imefika bila maelezo.

Kesho yake baada ya kumenya viazi tukaingia chumbani kujaribu nguo. Wenzangu wakavaa, wakapendeza. Mimi nikaingiza kichwa, nikavuta. Kiunoni nguo ikakaa kama imemwagwa. Zipu ikapanda bila kubembelezwa. Nikataka kupiga kelele za furaha, ila mikono ya nguo ilikuwa imekwama juu kidogo ya kiwiko, na pale ikagoma. Kowaifu mkubwa akavuta. Wa pili akavuta. Mshono ukalia.

"Wacha! Itachanika!"

"Dada, hii ni mikono ya nani ulitutumia?" kowaifu mkubwa akauliza. "Ya mtoto wa nasari?"

Walicheka mpaka wakakaa kitandani. Mimi nilicheka pia, halafu nikawa silii lakini pua imejaa. Fundi hakukosea hata kidogo, alishona nilichotuma. Mikono yangu ilikuwa imejengeka, haikupungua. Kuinua vile vibuyu, ukiongeza na ndoo za maua za kila siku, sijui nilitegemea nini. Nikasema basi, nitakaa jikoni niwaangalizie sufuria.

Mama mkwe alisikia kelele akaingia. Akanishika mkono wa juu, akaubonyeza kwa kidole gumba, pande zote mbili. Nadhani ndipo alipoacha kuamini kwamba silishwi.

"Jikoni kuna watu," akasema. "Leteni wembe."

Akafumua mikono ya nguo kwa chini, kutoka kwapani. Kitambaa cha kuongeza hakikuwepo, fundi alikuwa amekimaliza chote kwa kutushonea vilemba. Mama mkwe akachukua kilemba changu, akakikata vipande viwili virefu, akampa kowaifu mkubwa sindano.

"Na yeye ataenda kichwa wazi peke yake?" kowaifu mkubwa akauliza.

"Nyote mtaenda kichwa wazi."

"Mama!" akasema kowaifu wa tatu. Huyu alikuwa amefumua nywele zake zote, hakusuka, akitegemea kilemba. Akakivua tukaona. Alikuwa na haki kabisa. Kwa nini aibike yeye kwa mikono yangu? Nikamwambia hivyo mbele ya wote, avae chake, mimi ndiye nitaonekana tofauti.

Mama mkwe akatuangalia. "Basi wewe vaa. Hawa watatu wavue. Mambo yaishe, viazi vinaungua."

Kowaifu mkubwa alishona jioni yote karibu na dirisha, mimi nikafanya zamu yake ya kuosha masufuria. Maua ya kitenge yalikuwa yanapanda juu, lakini kwenye vile vipande yalilala ubavu. Ukishusha mikono huoni kitu. Ukiinua unaona.

Asubuhi ya harusi tukamtoa bibi arusi. Watu wote wakamchukulia yule wa kilemba kuwa ndiye kiongozi wetu, wakampisha, wakampa maikrofoni, na yeye hajui kuimba hata kidogo. Akaimba. Ikabidi sisi watatu tuinue sauti kumfunika, na huko kwao wimbo ukikolea mikono inapanda. Nilisita mshororo mmoja. Kisha nikainua, na maua yaliyolala yakaonekana na kijiji kizima.

Kando ya gari alisimama shangazi mmoja wa upande wa bwana arusi, mwenye miwani.

"Huyu naye mbona nguo yake imeunganishwa? Ni mgeni mmemwazima?"

Mama mkwe hakugeuka hata kumtazama.

"Huyo ni mke wa mwanangu wa mwisho. Ana mikono mikubwa, ndiye atabeba lile sanduku la bibi arusi. Wewe, njoo ushike hapa."

Nikatoka kwenye mstari nikalishika. Lilikuwa zito kweli, lakini nililiinua peke yangu mpaka kwenye buti ya gari, na wale kowaifu wenzangu wakapiga vigelegele kama vile ni mimi ninayeolewa.