Karani Anayejipapasa Mkono

Kitu cha kwanza fundi cherehani alichokiona kwa karani wa kumbukumbu hospitalini ni kwamba, kabla ya kuandika msimbo wa mvunjiko, yaani namba ya kuonyesha mfupa umevunjika wapi, alijipapasa mkono wake mwenyewe: begani, katikati, karibu na kiwiko. Kisha alimtazama mgonjwa, yaani fundi mwenyewe. Faili la fundi lilisema uliovunjika ni mkono wa kushoto.

"Dada, hebu nyanyua huo unaouma."

"Ningeweza kuunyanyua, kaka, ningekuja kufanya nini hapa?"

Karani alicheka, akauona wa kulia umefungwa, akalikimbiza faili kwa daktari kabla ya upasuaji. Wa kulia ndio uliotiwa chuma. Ijumaa bendeji inafunguliwa, na fundi ameshachagua uzi wa kushonea kifungo alichokiona kikining'inia kwenye koti la karani.