Niliyempisha Njia ya Bungu

Watu hudhani mambo haya huwapata walevi, tena usiku. Mimi yalinipata saa nane mchana, jua linawaka, na tangu asubuhi sikuwa nimetia kitu mdomoni ila mhogo wa kuchoma. Usiniamini ukitaka. Mimi nasimulia kilichotokea.

Ilikuwa miaka ya ruksa, maduka ya dawa ya watu binafsi yameanza kufunguliwa mijini. Mama mkwe wangu alikuwa hoi kitandani kule Bungu, kichomi kimembana, na zahanati yao haikuwa na dawa. Mke wangu alikuwa huko akimuuguza. Akanitumia ujumbe Mkata, ninakoshona nguo: nunua sindano Korogwe, uzilete leo leo. Nikanunua. Kwa sababu ya mvua ya usiku, gari la kupanda milimani lilikuwa limekwama kwenye matope, basi nikashika njia ya miguu inayofuata mto ndani ya msitu. Kwa mwendo wangu ningefika saa tisa na nusu.

Hapa lazima nikueleze jambo. Mimi ni Mzigua wa Kang'ata, na nilivyolelewa mimi, mkwe hatazamwi usoni. Ukikutana naye njiani unatoka pembeni, unainamisha kichwa, anapita. Miaka sita ya ndoa, mama yule nilimjua kwa sauti, kwa kanga zake na kwa miguu. Utacheka, lakini ndiyo heshima tuliyofunzwa.

Kwenye kona moja nikaiona kanga yake ya zambarau inateremka. Nikaingia majanini, macho chini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Mbona mbio hivyo? Homa imeniacha tangu jana, nashuka kwa dada yangu hapo chini. Pumzika, baba, umechoka. Hizo sindano atapewa mwingine."

Sauti ilikuwa yake, niamini. Sindano zilikuwa mfukoni na sikuwa nimezitaja, lakini nikadhani mke wangu kamweleza. Nilifurahi, sikufichi. Akapita, nami nikakaa juu ya jiwe, nikamaliza mhogo wangu, nikanawa uso mtoni, usingizi ukanipitia. Nani asingefanya hivyo?

Nilipoamka jua lilikuwa limeshaingia nyuma ya miti. Nikapanda taratibu mpaka kivukoni. Pale hakuna daraja wala mawe ya kukanyagia. Kila atokaye Bungu huvuka maji yakimfika magotini. Nilipokuwa nakunja suruali ndipo nikaikumbuka ile miguu niliyoitazama. Ilikuwa mikavu, ina vumbi jeupe, siku ambayo njia nzima ni matope. Pindo la kanga nalo lilikuwa kavu.

Nikakimbia. Nilisikia vilio kabla sijaona paa la nyumba. Mama alikuwa amekata roho saa kumi, na kwa siku nne hakuwa ameinuka kitandani. Muuguzi alikuwa ameshachemsha bomba la sindano mara mbili akinisubiri. Sijui kama dawa ingemponya. Muuguzi naye alisema hajui, ila alisema bila kunitazama.

Mke wangu nilimweleza yote. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Uso wake ulikuwaje?" Nikamwambia niliona miguu tu.

Nawe ukibeba dawa ya mgonjwa, usisimame. Hata akikutokea mgonjwa mwenyewe njiani, mzima kabisa, msalimie upite. Fika kwanza mpaka kitandani. Ukikikuta kitupu, ndipo upumzike.

Mimi onyo hilo halinisaidii tena. Tumezaa watoto watano, tunaelewana vizuri, hatujawahi kuisema tena siku ile. Lakini akiugua mtu nyumbani, hata iwe homa ndogo tu, mke wangu hujifunga kanga akafuata dawa mwenyewe.