Meno Arobaini na Moja

Kosa langu kubwa la mwanzo katika ufundi lilikuwa kuhesabu meno bila kugawanya.

Nilijifunza magari kwa video za simu na kwa kufungua vyuma vilivyotupwa nyuma ya gereji moja hapa Mbinga mjini. Sikuwahi kufundishwa na mtu. Labda ndiyo maana nati moja nilikuwa naikagua mara tatu, halafu naondoka bado nina wasiwasi nayo.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alinipa pikapu yake nibadilishe difu ya nyuma, yale magia ya katikati ya ekseli yanayopokea nguvu ya injini na kuipeleka magurudumuni. Ilikuwa inalia. Nikapata nyingine ya mtumba, ikaingia bila shida. Gia kubwa ya ile ya zamani ilikuwa na meno thelathini na tisa. Hii ilikuwa na arobaini na moja. Nikafurahi. Niliamini meno mengi ni nguvu nyingi. Gia ndogo inayoizungusha niliihesabu pia, manane kwa ya zamani na kumi kwa mpya, lakini sikujua ina kazi gani katika hesabu.

Asubuhi iliyofuata mjomba alipakia mahindi Mkumbi ashuke Lituhi, ziwani, kuyauza, arudi na dagaa wa usipa. Mimi nilibaki naandika kazi ile kwenye daftari, na hapo tu ndipo nikagawanya. Thelathini na tisa kwa nane, karibu tano. Arobaini na moja kwa kumi, nne na kidogo. Nikarudia, jibu lilelile. Zamani shafti inayoleta nguvu kutoka kwenye injini ilizunguka karibu mara tano ili gurudumu lizunguke mara moja. Sasa mara nne tu. Gari lingekimbia zaidi katika kila gia, lingechoka kupanda, na kwenye mteremko injini isingelishika kama zamani. Tena lilikuwa na mzigo.

Madereva wetu wanaoshuka ziwani hawachagui gia kwa kutazama mshale wa spidi. Wanachagua kwa mahali: kwenye kona hii namba mbili, baada ya daraja lile namba moja. Mjomba alikuwa na mahali pake kwa miaka yote. Mimi nilikuwa nimembadilishia gari chini yake bila kumwambia.

Sikumpigia mara moja. Nilikaa na simu mkononi nikitunga maneno ya kumwonya bila kuonyesha kwamba mkosaji ni mimi. Nilipopiga, hakupatikana. Nikachukua bodaboda, na njia nzima nilitazama kingo za barabara nikitafuta gunia lililopasuka.

Nilimkuta katikati ya mteremko, ameegesha upande wa mlima, mawe chini ya magurudumu, breki zinanuka kuungua. Alikuwa amekaa kwenye nyasi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kuuliza nimefuata nini.

"Nimeshuka hapa tangu mama yako hajaolewa," alisema. "Leo limenikimbia kwenye namba mbili. Mguu umeisha nguvu, mwanangu. Nikifika Lituhi nitatafuta mtu wa kulirudisha, na baada ya hapo sishiki usukani tena."

Hakuwa na shaka nami hata kidogo. Ningenyamaza, asingejua maisha yake yote. Naona aibu kuandika kwamba nililifikiria hilo, na siyo kwa sekunde moja.

"Siyo mguu, mjomba. Ni difu niliyokufungia. Nilikosea hesabu."

Nilimweleza yote, meno kwa meno. Nilitamani anipige.

"Shule ulikuwa unapata ngapi kwenye hesabu?"

"Nilikuwa wa pili, mjomba."

"Basi huyo wa kwanza ndiye ningempa gari." Akasimama, akajipangusa suruali. "Toa mawe. Kaa mbele na mimi, usikie ulichokifunga."

Tulisubiri breki zipoe, kisha tukashuka kwa namba moja kutoka pale hadi chini. Mikono yangu iling'ang'ania kiti. Yake ilitulia kwenye usukani.

Mjomba bado anaendesha, kwa difu nyingine yenye hesabu kama ile ya kwanza. Mimi bado ni mwoga. Ila sasa nikifunga difu nashuka na dereva safari ya kwanza, na nikikosea nampigia mwenye gari kabla sijatunga maneno.