Jiwe Kichwani mwa Mama

Harufu ya majani makavu ya mgomba yaliyolowa mvua bado hunirudisha utotoni. Juzi binti mmoja alikuja kuomba kibarua kwenye uwanja wangu wa matofali hapa Kihonda. Alikuwa amejisokotea kata ya majani hayo, ile pete ya kuwekea mzigo kichwani, imelowa chepechepe. Nikamwambia, kaa kwanza unywe chai. Vijana wangu wakatazamana, maana mimi si mtu wa kumpa chai mtu ambaye hajabeba tofali hata moja.

Niwaambie mapema: nimesoma mpaka darasa la nne, basi. Uwanja huu na nyumba iliyo nyuma yake nimevipata kwa mikono yangu. Kwa hiyo msinitegemee niwachambulie Maandiko kama wenye vyeti. Nasimulia nilichokiona.

Kwetu ni juu, milimani Uluguru. Majirani wengi walikuwa Waislamu. Sisi wa kanisa tulikuwa kaya chache, na tulikuwa tunajenga kanisa la mawe huku tukisali humo humo. Kila Jumapili watu wazima walipanda kutoka mtoni na mawe, wanaume begani, wanawake kichwani. Jiwe la mama lilikuwa kubwa kuliko ya wenzake. Alipenda kushindana, ila ukimwambia hivyo anakasirika.

Jumapili moja mvua ilitukuta njiani, kata yake ya majani ikasambaratika. Mama akavua kitambaa cha kichwani, akakisokota kikawa kata, tukaendelea kupanda. Tulipofika kilikuwa tope tupu. Kengele ilishapigwa. Akakitia kikapuni, akaingia ibadani kichwa wazi.

Mzee Eliya, mzee wetu wa kanisa, alikuwa na sauti ya kufukuzia nyani shambani. Alikatisha wimbo. Akafungua waraka wa Paulo kwa Wakorintho, akasoma pale panaposema mwanamke akisali bila kufunika kichwa anajiaibisha, na kwamba afunike kwa ajili ya malaika.

"Mama Debora," akasema, "Jumapili ijayo utajibu mbele ya kanisa. Ukikosa jibu, unatengwa."

Debora ni mimi. Nilikuwa na miaka tisa na kutengwa nilikujua. Ni kukaa benchi la mlangoni, Meza ya Bwana unaitazama kwa mbali, na ukifa unazikwa bila wimbo. Nilishaona mazishi ya namna hiyo. Unasikia majembe tu.

Wiki ile kilichonitisha zaidi ni wale malaika. Hakuna aliyenieleza wanataka nini na kichwa cha mama yangu, nikaamua wanamvizia. Akienda mtoni, namfuata na kanga. Akiinama kuchuma maharage, namfunika kutoka nyuma. Jirani yetu Bi Mwanahamisi alicheka mpaka akashika mbavu. "We mtoto, mama yako chungu cha uji, unamfunika asiingie nzi?"

Baba alisema neno moja tu: "Omba radhi yaishe." Siku ya nne mama akaniita jikoni. Yeye hakujua kusoma.

"Nisomee huyo Paulo. Wote, siyo kipande alichochagua Mzee Eliya."

Nikasoma kwa kidole, polepole. Nilipofika kwa mwanamke anayesali na kutoa unabii, akanizuia.

"Kumbe anasali? Anatoa unabii? Kwa sauti?"

"Ndivyo ilivyo, mama."

Nikafunua kurasa chache mbele, nikakuta kwamba wanawake wanyamaze kanisani. Laiti ningeruka! Mama aliacha kukoroga mboga.

"Huku anatoa unabii, huku anyamaze. Na Mzee Eliya anataka nijibu. Nikijibu nimekosa, nikinyamaza natengwa."

Nikaona ni mimi niliyemfunga mdomo. Nilimwomba Mungu mvua ibomoe kanisa kabla ya Jumapili. Halikubomoka, lilijengwa vizuri.

Jumapili ikafika. Watu wote wameketi, mama hayupo. Nikasikia miguu mlangoni. Aliingia na jiwe lake kichwani, kubwa kuliko la wiki iliyopita, kitambaa kikiwa kata chini yake. Akapita katikati ya mabenchi mpaka mbele, akasimama. Maji ya mtoni yalimchuruzika usoni.

"Una jibu gani, Mama Debora?"

Kimya.

"Basi tua jiwe, mama."

Kimya. Jiwe la namna ile hulitui peke yako, lazima mtu akutue. Wanawake walitazamana, hakuna aliyeinuka. Baba alinyanyuka nusu, akarudi chini. Mimi nilikuwa natazama shingo ya mama. Ilianza kutetemeka.

Mwishowe Mzee Eliya aliweka Biblia mezani, akaja mwenyewe. Alipolipokea lile jiwe magoti yalimkunjika, wakalishusha pamoja kwa shida. Kitambaa kikafumuka, kikaanguka sakafuni. Mama akabaki kichwa wazi mbele ya kanisa zima.

Mzee alihema. "Mnayatoa mtoni haya?"

"Mtoni, Mzee."

"Kila Jumapili?"

"Wewe huwa umetangulia na Biblia."

Mtu mmoja alikohoa nyuma, sijui kama kilikuwa kikohozi. Mzee Eliya aliinama, akaokota kitambaa, akakikung'uta tope, akampa mama kwa mikono miwili. "Kaa, mama. Tuimbe."

Hakusema amekosea. Na aya zile aliendelea kuzihubiri, sitawadanganya. Lakini tangu siku hiyo alikuwa anasimama mlangoni kabla ya kengele, anawatua wanawake mawe, na anawangoja wajifunge vitambaa. Bibi yangu alizoea kusema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, maana usioubeba unauona mwepesi. Mzee aliupokea siku ile, akajua kwamba si usufi.

Mimi kichwa nafunika kanisani mpaka leo, kwa hiari yangu. Na uwanjani kwangu hakuna anayebeba bila wa kumtua.

Miaka mingi nilisimulia kisa hiki kama ushindi wa mama, kana kwamba alijua kitakavyokwisha. Tuliporudi nyumbani siku ile alinishika mkono kwenye mteremko, mkono wake ukitetemeka. Nilidhani ni uchovu wa jiwe. Nilipokuja kubeba mawe mwenyewe ndipo nikajua: uchovu wa mzigo huisha ukishatuliwa. Mama alitetemeka mpaka mlangoni kwetu.