Bakteria Walioitwa Kupe

Mpaka leo sijamsamehe mwalimu wangu wa bayolojia, na sioni haya kusema.

Mimi ni wa Kamunyonge. Nikiwa kidato cha nne, miaka ile ya Ujamaa, shule yetu pale Musoma ilikuwa na hadubini moja, na mimi ndiye nilikuwaga naitunza. Siku moja mwalimu alileta maji ya lambo la ng'ombe kutoka Bunda. Ndani yake mlikuwa na paramesiamu, mdudu wa seli moja anayeogelea kwa vinyweleo. Mwalimu akachungulia, akaniita: "Njoo uone, binti. Ndani ya kiini chake wanaishi bakteria." Jamani, nikaona! Wengine wafupi kama punje za ulezi, wengine warefu, wamepinda kidogo. Na mwenyeji wao anaogelea tu, hana habari.

Nilichora siku tatu. Chini nikaandika kwamba bakteria hawa wanaishi ndani ya mwenzao bila kumwua. Mchoro ukachaguliwa kwenda maonyesho ya shule, Butiama.

Mkuu wa shule alipoingia darasani kwetu na kuusoma, alikunja uso. Siku zile anayeishi kwa jasho la mwingine aliitwa kupe, na kupe alipigwa vita kila mkutano.

"Unawafundisha wananchi kwamba kupe hana ubaya?"

"Mkuu, bakteria hawajui siasa."

Wee! Darasa zima likacheka, yeye hakucheka. Akaniamuru niandike kwamba wananyonya na wanaua, la sivyo ataniharibia ripoti ya tabia. Bila ripoti nzuri hakuna kidato cha tano, hata ufaulu vipi. Nikakataa. Nilijua mwalimu wangu atanitetea.

Mkuu akamwita, akamwuliza mbele yangu aliona nini kwenye ile hadubini. Mwalimu akatazama sakafu.

"Sikuona kitu, Mkuu. Labda ni uchafu kwenye kioo."

Kwenye mtihani wa mwisho, bayolojia niliwapita wote. Kidato cha tano sikuitwa. Nikaishia kulima pamba kwa shangazi, Kibara, huku niliowazidi darasani wakisoma. Iliniuma, na bado inaniuma.

Miaka mingi baadaye nilimkuta mwalimu kwenye mgahawa huko Kabasa, amestaafu. Akanishika mkono, macho yamemjaa machozi.

"Nilikuwa na familia, mwanangu. Niliogopa."

"Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba, Mwalimu," nikamwambia. "Nilikuwa na wewe tu."