Sanduku la Makopo ya Msaada

Juzi kijana mmoja mwenye fulana ya mradi alitukusanya wanawake wa mtaa wetu hapa Ilemela, akatufundisha kwamba kopo tupu si takataka. Nilitamani kumzaba kibao. Nyumbani kwetu Butimba, miaka ile ya Ujamaa ambapo dukani walibaki muuzaji na rafu zake, hapakuwa na kitu kilichoitwa kopo tupu. Kopo la dawa lilikuwa koroboi. Kopo la maziwa tulilitoboatoboa kwa msumari, tukakwangulia mihogo. Sufuria ikitoboka ilizibwa, ikitoboka tena ikazibwa tena, na siku iliposhindikana kabisa fundi aliiyeyusha akaifanya mwiko. Hakuna aliyetupigia makofi. Hatukuwa na kingine, basi.

Lakini hasira yangu kubwa ni ya sanduku.

Nilimaliza darasa la saba nikachaguliwa kwenda sekondari ya bweni Bukoba. Shule nzima tulichaguliwa wawili. Barua ilikuja na orodha: jembe, ndoo, sahani, kikombe, shuka mbili, na sanduku la bati lenye kufuli. Chini waliandika kwamba asiyetimiza orodha hatapokelewa. Vingine mama alivipata kwa kuazima na kubembeleza. Sanduku halikupatikana Mwanza nzima. Duka la ushirika waliandika jina lake kwenye daftari wakamwambia arudi mwezi ujao, na mwezi uliofuata wakamwambia vilevile.

Mama alikuwa mfagizi wa zahanati, na alikuwa amenilea peke yake tangu baba afariki. Pale zahanati waliletewa mafuta ya kula ya msaada kwa ajili ya watoto waliodhoofu. Mafuta yalipokwisha, muuguzi mkuu aliwagawia wafagizi makopo matupu. "Chukua, mama, utajua mwenyewe la kuyafanyia," alimwambia mbele yangu. Kwa miezi kadhaa mama aliyapasua kwa kisu, akayaponda juu ya jiwe nyuma ya nyumba mpaka yakawa bapa, akayapanga chini ya kitanda. Vidole vyake vilikuwa na majeraha ambayo hayakupata nafasi ya kupona, kwa sababu alipotoka kuponda mabati alikwenda kufua mashuka ya zahanati.

Fundi alikuwa mzee wa Kisukuma aliyefanya kazi kibandani, kando ya barabara iteremkayo ziwani. Fuawe yake ilikuwa kipande cha reli, na nyundo yake ilikuwa ya mti ili isilijeruhi bati. Bawaba alizikata kutoka kwenye madigadi ya baiskeli iliyokufa. Vipini vya kubebea alivipinda kwa nondo nyembamba. Kabla hajaanza kuunganisha, alituita. Bati lilikuwa na pande mbili, mmoja mweupe mtupu, mwingine una maandishi ya Kiingereza, mekundu na ya buluu.

"Mama, maandishi yakae nje au ndani?"

Mama akanigeukia. "Wewe ndiye msomi wetu. Yanasemaje?"

Kiingereza changu kilikuwa cha salamu na majina ya rangi. Katika maandishi yale nililitambua neno moja tu, lile la kukataa, na hilo peke yake lingetosha kunishtua. Lakini majirani wawili walikuwa wamesimama pale, na wiki nzima mama alikuwa akiwatambia kwamba binti yake sasa ni mtu wa sekondari. Nilikaza uso nikasema, "Ni jina la kiwanda."

"Basi yakae nje," mama akasema. "Lionekane la dukani."

Na kweli lilipendeza. Siku ya safari tulilibeba mpaka bandarini, mama upande mmoja, mimi upande mwingine, na watu walituuliza limepatikana wapi. Mama akawa anajibu huku ananyoosha shingo.

Getini walisimama mgambo wawili wakitafuta magendo, sukari na sabuni. Mmoja aliliinamia sanduku, akasoma taratibu kwa kidole, akainuka.

"Imeandikwa hayauzwi. Hii mali ya msaada, mama. Umeiba wapi?"

Mama alinitazama mara moja tu. Kisha akamjibu, "Sikuiba, ndugu. Nilipewa makopo zahanati, mafuta yakiwa yamekwisha. Na kama hayauzwi, mbona mimi simuuzii mtu? Mwanangu anakwenda nalo shule."

Watu kwenye foleni wakacheka, na kicheko kile ndicho kilichotumaliza. Mgambo mwenye kirungu akichekwa mbele za watu hana tena masikio. "Hiki ni kidhibiti," akasema, akalipindua.

Vitu vyangu vyote vikamwagika kwenye sakafu ya saruji. Sketi, sahani, shuka, na vile vitambaa mama alivyonikunjia kwa ajili ya siku zangu, mbele ya wanaume wa watu. Akavisogeza kwa ncha ya buti, kimoja kimoja, kana kwamba sukari ingekuwa imejificha humo. Sasa nina wajukuu, na hasira ya yule mtu haijanitoka. Sitaki kuambiwa alikuwa akitimiza wajibu. Wajibu gani unaotimizwa kwa buti?

Meli ikapiga honi. Mama alifungua kitenge cha juu, akanifungia vitu vyangu bunda. "Panda," akasema. Nilipolia akanisukuma mgongoni kwa nguvu ambayo hajawahi kunisukuma nayo. Nilipanda. Kutoka juu nilimwona amekaa chini kwenye saruji, mgambo akiwa amemsimamia.

Shuleni matroni alinipokea kwa sharti kwamba likizo ikiisha nirudi na sanduku, la sivyo nisirudi. Muhula mzima nililalia bunda lile kichwani. Hata hivyo sabuni iliibwa, na shuka moja pia.

Niliporudi likizo nilimkuta mama nyumbani mchana, siku ya kazi. Siku ile ya meli mgambo walimweka ndani mpaka kesho yake. Walimwita muuguzi mkuu, naye akasema hakumbuki kumpa mtu yeyote makopo. Aliogopa, najua, lakini na aibebe hofu yake mwenyewe, mimi simsaidii. Kazi ya zahanati ikaishia hapo. Mama aliifuata ofisi ya mgambo mara nne akidai sanduku. Mara ya nne alilikuta chini ya meza, limetiwa kufuli jipya, limejaa fomu zao. Kidhibiti chao kilikuwa kabati.

Yule fundi alinitengenezea jingine kwa bati kuukuu la paa, matundu ya misumari akayaziba kwa lami, akakataa malipo. Lilikuwa na kutu na sura mbaya. Mama alilisugua kwa majivu siku nzima. Mimi nilikaa karibu yake nikipanga maneno ya kumwambia, nikiyapangua.

Yeye akanitangulia. Aliweka tambara chini, akafuta mikono.

"Mwanangu, lile jambo ni kosa langu," akasema. "Wewe mtoto wa darasa la saba, Kiingereza cha wakubwa ungekijulia wapi? Mimi ndiye niliyetaka maandishi yakae nje, kwa majivuno yangu. Nikakutia aibu mbele ya watu. Unisamehe."

Ungekuwa wakati wa kusema kwamba neno lile nilikuwa nimelitambua, kwamba nilidanganya kwa sababu ya majirani wawili ambao leo hata nyuso zao sizikumbuki. Alikuwa ananitazama, anangoja.

Nikamwambia, "Nimekusamehe, mama."